Kaskazini ya Tjalling

Mara ya kwanza aliileta ndani ya kapu la viazi,
miguu miwili imevunjika, tope la mfereji limekaukia kwenye kamera.
"Imelewa," Tjalling akasema.
"Inapanda vizuri, inasimama, halafu inaanza kuzunguka,
duara dogo, duara kubwa, kubwa zaidi,
kama ng'ombe anayetafuta pa kulala,
kisha hao, mferejini."

Nikaifungua mezani. Injini nne, sauti moja.
Setilaiti kumi na sita zikaiona kabla kahawa yangu haijapoa.
Nikaisawazisha dira nyuma ya duka,
nikiigeuza huku na huku kama apepetaye mchele,
ikaruka, ikatulia juu ya kamba ya nguo
utadhani imeanikwa.
Nikamtoza nusu.

Siku nne. Kapu lilelile.

Setilaiti huiambia droni: uko hapa.
Dira huiambia: umeelekea kule.
Zikikosana, upepo ukiisukuma kidogo tu
hujirudisha kwa upande usio,
na kila inapojisahihisha inazidi kupotea.
Namjua mtu wa namna hiyo. Aliwahi kunioa.

Nikampigia simu, nikataja kila chenye chuma:
gari? Aliliacha barabarani.
Daraja la zege, lenye nondo ndani? Liko mbali.
Uzio wa umeme? Kauzima.
Saa? Hana. Viatu?
"Vya mbao, Wytske. Kama vya baba yangu."

Basi nikaenda mwenyewe, kabla ya jua,
Mei, ukungu umelala juu ya malisho ya Friesland
bapa kama shuka,
na mashine ya kukata nyasi inakuja saa tatu.
Mjukuu wake, Gerbrich, alikuwa tayari na fito za mianzi
za kuchomeka kando ya viota vya ljip,
ndege atagaye chini, mayai manne yenye madoa,
rangi yake rangi ya udongo, mwenye mashine hayaoni.

Nikaiweka droni nyasini, hatua themanini kutoka kila kitu.
Nikaangalia namba za sumaku kwenye skrini: tulivu.
"Sasa isawazishe wewe, kama ufanyavyo siku zote."

Akaiokota.
Akaikumbatia kifuani, kama ndama aliyezaliwa usiku,
akaanza kuzunguka nayo, polepole, kwa heshima.
Namba zikaruka.
"Iweke chini." Zikashuka.
"Ichukue." Zikaruka.

"Tjalling, mfukoni una nini?"

Penseli. Uzi wa kufungia majani makavu. Risiti ya dawa ya kwato.
Na kipande cha sumaku, laini, unene wa kidole gumba,
kile wanachomezeshwa ng'ombe
ili misumari na nyaya walizokula pamoja na nyasi
zishikane tumboni, zisiutoboe moyo.

Kikulacho. Tena upande wa kushoto.

"Ilikuwa ya Sietske," akasema,
nami nikajua Sietske ni ng'ombe kwa jinsi alivyotazama zizini.
"Niliinunua Ijumaa. Jumamosi hakuamka."
Tangu Oktoba, basi, alikuwa akiifundisha droni
kwamba kaskazini ni pale kwenye koti lake,
nayo ikaamini, ikaruka ikitafuta
kaskazini iliyobaki chini, imesimama na viatu vya mbao.

Hakubishana. Akatembea hadi kwenye lango la chuma,
akaibandika sumaku hapo, tak,
akarudi mikono mitupu, hajui pa kuiweka.

Ikapanda. Ikasimama.
Kwenye skrini, malisho meusi ya baridi,
na nukta moja ya joto, nyingine, ya tatu karibu na mfereji,
Gerbrich akikimbia na fito zake, umande hadi magotini,
akipiga kelele, "Bado! Bado moja!"

Saa tatu mashine ikaja, ikavizunguka viota,
ikaacha vishungi vya nyasi ndefu
kama nywele ambazo kinyozi amezisahau.

Wakati wa kuondoka alisimama langoni.
Nikainama, nikajifanya nafunga sanduku langu
ambalo lilikuwa limefungwa.
Nikasikia ikibanduka.